Fundi na Amana ya Nyumba Yake



Katika mazungumzo yetu na ndugu wapya walioingia katika dini ya Islam, na pia na wale wanaoichunguza dini hii kwa nia ya kuijua kweli, swali moja hutujia mara kwa mara. Huulizwa ya kwamba: Je, mtu aliyezama katika kazi za mashine, umeme, redio na simu aweza kuwa mtu wa dini aliyekamilika? Au dini ni ya wazee wakaao msikitini, na mashine ni za vijana wa dunia? Wengine nao huuliza kinyume chake: Kwa kuwa sasa mwanadamu anaweza kuzungumza na mwenzake aliye ng'ambo ya bahari kwa chombo kidogo kilichomo mfukoni mwake, ana haja gani tena ya mafundisho ya dini?

Maswali haya mawili, ingawa yaonekana kupingana, yana kosa moja. Yote mawili yadhani ya kwamba elimu ya vyombo na elimu ya nafsi ni mahasimu wasioweza kukaa nyumba moja. Makala haya yataka kuonyesha ya kwamba zapasa kukaa nyumba moja, na kwamba hatari huanza pale baba wa nyumba anapoikaribisha moja ndani na kuiacha nyingine mlangoni. Nitalieleza jambo hili kwa tukio nililolishuhudia mwenyewe katika mji wa Mtwara. Katika tukio hilo mimi nami nilikuwa na fungu langu la kosa, wala sitalificha.

UFUNDI NI NEEMA

Kwanza yafaa ifahamike ya kwamba Kurani Tukufu haiudharau mkono wa fundi. Nabii Nuhu a.s. aliamrishwa aunde jahazi, naye akaliunda mbele ya watu waliokuwa wakimcheka. Nabii Daudi a.s. alikuwa mfalme, tena mwenye kumsifu Mola wake asubuhi na jioni, lakini Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akamfundisha kutengeneza deraya. Na lenye kuzingatiwa ni hili, kwamba katika Sura Saba' Mwenyezi Mungu anamwagiza apime vizuri pete za deraya zile zipate kushikana sawasawa, na papo hapo anawaagiza watu watende mema, kwani Yeye ayaona wayatendayo. Kipimo cha chuma na kipimo cha matendo vimetajwa mahali pamoja. Basi fundi apimaye chuma kwa uangalifu na asipime matendo yake, ameshika nusu ya amri na nusu ameiacha.

Mtume wetu Mtukufu s.a.w. naye hakuona haya kushika kazi ya mkono. Bibi Aisha r.a. alipoulizwa Mtume s.a.w. alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza ya kwamba alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake katika kazi zao. Imepokewa pia ya kwamba alishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake mwenyewe.

Na katika zama zetu, Profesa Abdus Salam, Mwislamu wa Pakistan, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg wa Marekani, kwa kueleza umoja wa nguvu mbili za asili ambazo watu walizidhani kuwa mbali mbali. Mtu huyu hakuona ya kwamba elimu hiyo yamtenga na Mola wake. Alieleza mara nyingi ya kwamba Kurani yamhimiza mwanadamu avitafakari viumbe vya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo anayesema ya kwamba dini yaiogopa elimu ya vyombo, huyo hajaisoma dini yenyewe.

BABA FUNDI WA MTWARA

Mwaka 2011, nilipokuwa nikitumikia kazi ya kufundisha dini huko Mtwara, nilifahamiana na baba mmoja aliyekuwa fundi mashuhuri mtaani kwake. Jina lake silitaji, kwa kuwa aliniruhusu nisimulie habari zake kwa sharti hilo. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, chini ya mwarobaini. Humo alitengeneza redio, pampu za maji, jenereta, na simu za mkononi, ambazo wakati ule zilikuwa zimekwisha enea hata katika vijiji vya wavuvi. Watu wa mtaa walimpenda, na sababu zake zilikuwa mbili.

Sababu ya kwanza ni uaminifu wake. Siku moja mama mmoja muuza samaki alimletea redio, akidhani imekufa kabisa, naye alikuwa tayari kulipa fedha yoyote. Fundi akaifungua, akakuta waya mmoja tu umeachia. Aliurudisha mahali pake mbele ya macho ya mama yule, akapokea ujira mdogo uliostahili kazi ndogo. Aliniambia ya kwamba aliwahi kusikia habari ya mfanya biashara wa Madina aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu, na jinsi Mtume s.a.w. alivyotia mkono ndani ya lundo lile akaukuta unyevu, akasema ya kwamba adanganyaye hahesabiki kuwa pamoja naye. Fundi akasema, "Nami, Sheikh, kila nifungapo kifuniko cha redio hukumbuka ya kwamba upo mkono utakaokuja kuingia ndani."

Tena simu za majirani zilipokuwa mikononi mwake, na ndani yake mna maneno na picha za siri za nyumba za watu, hakuzichungulia. Hii ni amana kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Tumefundishwa ya kwamba Malaika Jibrili alimhimiza Mtume s.a.w. kuhusu haki za jirani, akahimiza tena, mpaka Mtume s.a.w. akadhani huenda jirani akafanywa mrithi. Zamani siri za jirani zilikuwa nyuma ya ukuta. Leo jirani aichukua siri yake na kuiweka katika kiganja cha fundi, kisha aenda zake sokoni bila wasiwasi.

Sababu ya pili ni subira yake. Wako mafundi wanaobahatisha, wabadilishao kifaa hiki na kile mpaka chombo kiamke au kife moja kwa moja. Yeye hakuwa hivyo. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, na ndani yake aliandika kila mashine iliyopita mikononi mwake: siku iliyoletwa, ugonjwa wake, chanzo alichokikuta, na dawa aliyoipa. Jenereta ikimshinda aliiwasha, akaketi kando yake ameinamisha sikio kama tabibu. Alizoea kuniambia, "Mashine haisemi uongo, Sheikh. Ukiisikiliza kwa subira, itakuambia inapoumwa."

SIKU ILE BAADA YA ALASIRI

Siku moja baada ya Sala ya Alasiri nilimpelekea amplifaya ya kipaza sauti chetu, iliyokuwa imeharibika, na usiku huo tulikuwa na mkutano wa hadhara. Nilipofika, mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 15 hivi, alikuwa ameketi barazani. Mbele yake ilikuwapo redio kuukuu ya marehemu babu yake, imefunguliwa, na vipande vyake vimetandazwa juu ya mkeka. Baba alitoka ndani, akaiona. Hakuuliza neno. Aliokota kipande cha waya wa umeme, akampiga nacho kijana yule mgongoni na mikononi, tena na tena. Mama yake alitoka jikoni akasema, "Baba watoto, basi! Redio si roho ya mtu." Naye hakusikia.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kibanda, hatua chache tu. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema neno moja, naye angenistahi na kuacha. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa naihitaji amplifaya yangu kabla ya Magharibi, na nilichelea kumuudhi.

Baba alirudi kibandani akihema. Aliketi, akaivuta amplifaya karibu, akaifungua. Na muda si muda mikono ile ile ikawa mipole, sikio likainama, naye akaanza kuisikiliza. Kabla jua halijazama chombo kilikuwa kizima. Nilimlipa nikaenda zangu. Usiku ule sauti yangu ilisikika mitaa mitatu, lakini neno moja nililopaswa kulisema mchana kwa sauti ya kawaida, sikuwa nimelisema.

Alfajiri mama alikuta kitanda cha mwanawe kitupu.

SAFARI YA MSIMBATI

Siku ya tatu zilikuja habari ya kwamba kijana yuko Msimbati kwa mjomba wake. Msomaji asiyezijua desturi za pande zile afahamu ya kwamba kwa Wamakonde mjomba, yaani ndugu wa mama, ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake, na mtoto aliyeudhika kwa baba hukimbilia kwake. Baba aliniomba tufuatane. Tulipita Madimba, kisha tukaingia njia ya mchanga katikati ya minazi, mpaka tukaiona bahari.

Nchi ile ni ya ajabu. Upande wa kusini mto Ruvuma waingia baharini kati ya misitu ya mikoko, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Chini ya rasi ile ya mchanga, mwaka 1982, iligunduliwa gesi ya asili ya Mnazi Bay. Na mwaka 2000 serikali iliifanya sehemu ile kuwa hifadhi ya bahari, yenye eneo la kilometa za mraba 650 hivi za nchi kavu na maji, ili kuyalinda matumbawe, mikoko na mazalio ya samaki. Pamoja na hayo, wakati ule bado palikuwa na watu waliovua kwa baruti. Mlio mmoja wa baruti huua samaki wakubwa na wadogo pamoja na mayai yao, huvunja matumbawe yanayohitaji miaka mingi kukua tena, na mara nyingine huondoka na mkono wa mvuvi mwenyewe. Ni baada ya msako mkali wa serikali, hasa katika miaka ya 2017 na 2018, ndipo milio ile ilipopungua sana katika pwani yetu.

Mjomba alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka chini ya mnazi. Kijana alikuja akasimama mbali kidogo. "Shikamoo, baba," alisema. Baba yake alikawia kabla ya kuitikia, "Marahaba." Kisha mjomba alimwambia kijana akaangalie nyavu, naye akasema nasi hivi:

"Shemeji, ni vema mmekuja leo, kesho mngechelewa. Jana usiku walikuja watu wawili. Wamesikia ya kwamba kwangu pana kijana ajuaye betri na nyaya. Wamemwahidi fedha kuliko zile uzipatazo wewe kwa mwezi mzima. Wewe fundi unajua watu wa namna hiyo wanataka nyaya za kazi gani. Niliwafukuza. Nikamchukua mwanao nikampeleka kwa mzee jirani yangu asiye na kiganja, nikamwambia amwamkie kwa kumpa mkono. Lakini baadaye aliniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu. Aliniambia, 'Mjomba, wale watu wamesema mikono yangu ina akili. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo.'"

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Shemeji, mimi ni mvuvi, sijui mambo ya umeme. Lakini nasikia ya kwamba mashine ikikushinda, hulali, unakesha ukiisikiliza. Huyu umemsikiliza siku ngapi?"

Fundi hakujibu. Aliinuka, akaenda kule kwenye nyavu, akaketi mchangani karibu na mwanawe. Tulimwona ameinamisha sikio, kama nilivyomwona mara nyingi kibandani kwake. Walikaa hivyo tangu baada ya Adhuhuri mpaka wakati wa Alasiri.

Yale aliyoyasikia alinieleza tulipokuwa njiani kurudi. Kijana aliifungua redio ya babu kwa sababu bibi yake alikuwa akilalamika ya kwamba nyumba imekuwa kimya tangu ilipozimika. Alitaka kuiponya kabla baba yake hajajua, ili amfurahishe. Chanzo cha ubovu alikuwa amekwisha kukipata. Alikosea tu katika kukitoa kifaa, kikavunjika. Tena mara tatu alikuwa amemwomba baba yake amruhusu aketi kibandani ajifunze, na mara zote tatu aliambiwa asubiri, kwanza vyombo vya watu vimalizike.

Fundi akaniambia, "Sheikh, katika daftari langu zimo mashine zaidi ya mia tatu. Mwanangu hayumo."

Nami siku ile nilimwomba kijana msamaha wangu. Alinitazama, akasema kwa adabu, "Nilikuona pale kwenye benchi, Sheikh. Nilidhani utasema." Mpaka leo sijapewa somo zito kuliko hilo, wala katika chuo cha dini nilichosomea ng'ambo.

KUSIKILIZA KABLA YA KUTENDA

Ndugu zangu, mwenye kuelewa mashine amejaliwa tabia njema nyingi: subira, uangalifu, kutafuta chanzo, kutokubahatisha. Ni tabia zile zile ambazo dini yazitaka katika malezi. Inasikitisha kuona ya kwamba mtu aweza kuzitumia mchana kutwa kwa chuma na plastiki, kisha akazivua mlangoni kama viatu anapoingia kwa mkewe na watoto wake.

Watu wa Mtwara wanao mfano mkubwa wa hasara ya nguvu isiyosikiliza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, tangu mwaka 1947. Yaliletwa matrekta kwa wingi, mengine yaliyotokana na vifaru vya vita. Kwa ajili ya mpango huo ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ya kwenda Nachingwea. Mashine zilikuwa na nguvu nyingi, lakini ardhi na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, na reli ile iliondolewa katika miaka ya 1960. Haukukosa nguvu mpango ule. Ulikosa mtu wa kuketi kwanza akauliza udongo una hali gani. Na nyumba nyingi zaharibika kwa njia hiyo hiyo. Baba ana nguvu, ana fedha, ana elimu, lakini hajauuliza udongo aliokabidhiwa.

Sasa itazame njia ya Manabii na wacha Mungu. Luqman, katika sura iliyoitwa kwa jina lake, asema na mwanawe kwa kumwita kwa upole kama mtoto mpenzi, na miongoni mwa mausia yake ni kuipunguza sauti. Nabii Ibrahimu a.s. alipopata ndoto ile kubwa kuhusu mwanawe, hakumvuta kwa nguvu. Alimweleza, kisha akamtaka atoe maoni yake. Jambo lilikuwa zito kuliko mambo yote, na bado mtoto aliulizwa! Sisi hatuwaulizi wetu hata kuhusu redio.

Mtume s.a.w. siku moja alimbusu mjukuu wake Hasan mbele ya mkuu mmoja wa kabila, Al-Aqra' bin Habis. Mtu yule alishangaa, akasema ya kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume s.a.w. akamwonya ya kwamba asiyehurumia, hatahurumiwa. Na Anas r.a., aliyemtumikia tangu utotoni kwa muda wa miaka kumi, alishuhudia ya kwamba hakupata kusikia kutoka kwake hata neno la kuchukizwa. Bibi Aisha r.a. naye ameeleza ya kwamba Mtume s.a.w. hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Basi yule anayedhani ya kwamba ukali ndio udini, amejifunza wapi dini yake?

HAZINA ILIYO CHINI YA PAA

Nimesema ya kwamba gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ililala chini ya mchanga kwa muda wa robo karne hivi. Ndipo katika miaka ya 2006 na 2007 ilipoanza kuwasha taa za Mtwara. Wavuvi walipita juu yake kila siku na chini ya nyayo zao mlikuwa na nuru. Kisha mwaka 2013, ulipokuwa ukitekelezwa mpango wa kujenga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 500, watu wengi wa Mtwara waliuliza kwa uchungu, "Hazina hii yetu itamfaa nani?" Palitokea fujo, na watu walipoteza maisha yao. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, na awape subira waliofiwa.

Sisemi ya kwamba swali lile halikufaa kuulizwa. Mwananchi ana haki ya kuuliza habari za mali ya nchi yake. Lakini nasema ya kwamba kila baba ajiulize swali lilo hilo usiku anapofunga mlango wake: Hazina hii iliyo chini ya paa langu itamfaa nani? Kwa maana ile akili iliyomo mikononi mwa mtoto haikai bure kama gesi iliyo chini ya mchanga. Baba asipoiona, wako wengine watakaoiona. Watakuja usiku, nao watamwambia mtoto lile neno la sifa alilolingoja kwako mwaka mzima. Na kwa neno hilo moja watamchukua. Kurani Tukufu yatuamuru tuzilinde nafsi zetu na watu wetu na Moto. Wengi hufikiri ya kwamba amri hii imetimizwa wakimfundisha mtoto Sala na kumlipia karo. Hayo ni ya lazima, lakini kulinda ni zaidi ya hayo. Mlinzi hana budi kumjua anayemlinda.

MAMBO YA KUTENDA

Kwa hiyo twawausia kina baba, na hasa wale waliojaliwa elimu ya vyombo, mambo manne.

Kwanza, mruhusuni mtoto aketi kando yenu mnapofanya kazi, hata kama atawachelewesha. Kazi ya baba ni madrasa ya kwanza ya mwana, na humo hujifunza uaminifu pamoja na ufundi.

Pili, kabla hujaadhibu, uliza. Usiyekubali kufungua mashine bila kuchunguza ugonjwa wake, usikubali kumhukumu mwanao bila kusikia habari yake.

Tatu, msifuni mtoto kwa jema alilolitenda. Sifa ya haki kutoka kwa baba ni chakula. Mtoto mwenye njaa hula popote.

Nne, na hili ni kwa majirani na sisi walimu wa dini: tusinyamaze. Mtume s.a.w. amefundisha ya kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, na kila mmoja ataulizwa juu ya kundi lake. Aliyeketi benchini akaona, naye ataulizwa.

Msomaji atapenda kujua mwisho wa habari. Kijana alirudi nyumbani, na baba yake aliweka kiti cha pili kibandani. Jioni nyingi waliishughulikia pamoja redio ya babu, lakini kifaa kilichovunjika hakikupatikana popote, na redio ile haikupona; ipo juu ya kabati mpaka leo, kimya. Si kila kivunjikacho hupona, nasi tukumbuke hivyo kabla ya kuinua mkono. Lakini bibi hakulalamika tena juu ya ukimya, maana jioni hizo nyumba ilikuwa na mazungumzo. Kijana yule leo ni mtu mzima, naye hutengeneza mashine za boti za wavuvi. Na nilipomtembelea mara ya mwisho nilimkuta amemkalisha mwanawe mdogo juu ya kiti cha pili, na mtoto ameshika bisibisi kubwa kuliko mkono wake.

Ewe Mola wetu, Uliyemlainishia Daudi chuma, tulainishie nyoyo zetu kwa watoto wetu. Utupe masikio ya kusikia wanaposema, na wanaponyamaza. Utusamehe kwa siku tulizoketi kimya palipohitajiwa neno, na uwalinde vijana wetu na kila mkono uwaitao gizani. Amin.